Malalamiko Kuhusu Ubao Usio na Kiungo

Kwa Baba Mkubwa, mwenye gari,
Kutoka kwa fundi wake.

YAH: KUVUNJIWA HESHIMA KAZINI

Shikamoo. Kabla hatujafika mbali, nikukumbushe unazungumza na nani. Tangu magari yaanze kutengenezwa hajatokea fundi kama mimi, na mafundi walionitangulia wana bahati walizaliwa mapema. Shule niliiacha kwa hiari yangu, maana walimu walikuwa wananichelewesha.

Asubuhi ulisema hutaki kusikia sauti yangu mpaka nikuombe radhi kwa maandishi. Maandishi ndiyo haya. Radhi nimeitafuta kifuani sijaiona, ila malalamiko nimeyakuta mengi.

1. Kutu. Ulinikabidhi gari lililolala nyuma ya nyumba tangu dada anatambaa, na Jumamosi hii linatakiwa limpeleke harusini. Ukaniambia, "Toa kutu yote." Nikatoa yote. Sasa unanuna kwamba sakafu ina tundu la ukubwa wa sahani. Baba Mkubwa, pale palikuwa na kutu tupu iliyojifanya bati. Kama ulitaka sakafu ibaki, ungesema nitoe kutu kiasi.

2. Meza. Mama Mkubwa hanisemeshi, eti nimebandua ubao wa meza ya kulia. Mbao za ndani ya gari ziliisha kwa mchwa, na wewe ulitaka ubao mgumu, uliokauka vizuri. Upi umekauka kuliko huo uliokaa sebuleni miaka yote? Halafu miguu ya meza nimeiacha yote minne. Hilo hamlisemi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mapambo ya zamani pale mbele yalikuwa vipande vipande: kimoja cha dashibodi, kimoja cha mlango huu, kingine cha mlango ule, kama suruali yenye viraka. Mimi nimeweka ubao mmoja mzima, kutoka mlango wa kulia, mbele ya usukani, hadi mlango wa kushoto. Nimeupiga msasa mpaka unateleza, nikaupaka vanishi mpaka unaweza kunyolea ndevu. Yule seremala jirani tunayemwita Mzee Randa akachungulia, akauliza, "Kijana, kila gari lina kiungo hapo. Umejiuliza kwa nini?" Nikamwambia kwa heshima arudi kwenye vitanda vyake. Wewe ukacheka naye, tena mbele ya bibi harusi. Basi leo nimeingia nikaugandisha, ncha kwa ncha, kwa gundi ile ambayo ikishika imeshika, milango nimeifunga vumbi lisiingie. Hakuna kiungo hata kimoja. Nani anacheka sasa?

4. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mzee Randa anyang'anywe kadi ya harusi. Mama Mkubwa azoee kula amepakata sahani. Jumamosi niendeshe mimi, nimevaa suti yako ya kijivu, na dada akae nyuma bila makeke, kwa sababu watu watakuwa wamekuja kutazama gari. Vanishi isipokauka, harusi isogezwe mbele. Bwana harusi atangoja, vanishi haibembelezwi.

Nisalimie Mama Mkubwa, dada, shemeji mtarajiwa na wote wanaopita hapo barazani. Mzee Randa msalimie pia, lakini kwa mbali.

Ndimi mwanao uliyembeza,
Injinia
(jina nimejipa mwenyewe, lakini limenikaa)

Tanbihi: Naandika nikiwa ndani ya gari. Nakuona hapo ulipo. Kila nikikupungia mkono unageuza kiti. Ile haikuwa salamu. Nikiita, unaongeza sauti ya redio. Milango haifunguki, Baba Mkubwa, yote miwili imeshikwa na ubao wangu. Vishikio vya kuteremshia vioo dada amevichukua kuvisugua, na honi haina betri. Barua hii naipenyeza kwenye lile tundu la sakafu, dada anaanika nguo hapa karibu, ataiokota.

Njoo na Mzee Randa na msumeno wake. Kioo msivunje, hakipatikani tena, na Jumamosi si mbali. Kateni ubao, huku na huku, pale palipokuwa na viungo. Yeye anapajua. Mimi sikupajua, na sikutaka kuambiwa.

Radhi uliyoitaka ndiyo hiyo.