Saa ya Mama Mkwe Angani

Jumatatu, 2 Machi 1998
Kambi Muru, Nairobi. Leo nimeacha rasmi kutengeneza masanduku ya bati ya shule. Dunia haimkumbuki fundi wa masanduku.

Kapteni Muema wa Kawangware, kituo cha 46, amenipa kazi. Mzee huyu alirusha ndege ndogo za miraa mpaka macho yakamtupa. Bintiye amemletea kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege. Kupaa anapaa. Kutua hawezi, maana ile saa ya kuonyesha ndege iko juu kiasi gani ni ndogo kama kifungo cha shati. Saa kubwa za kuweka kando ya kompyuta hutoka ng'ambo, na ni za matajiri. Anataka nimuundie ya bati. Alisema safari yake ya mwisho alitua akiwa abiria, na jambo hilo linamuuma mpaka leo. Daktari amemwambia macho hayatafika Pasaka. Anataka kutua mara moja tu, kwa mikono yake, kisha yazimike yakitaka.

Nilishikwa na huzuni. Nilishikwa na furaha pia, kwa sababu kazi hakumpa Shivachi.

Shivachi ni fundi wa saa, pale pale 46. Ile lenzi yake ya jichoni haivui hata akinunua mboga za sukuma. Alipopata habari akasema tushirikiane: mimi bati, yeye mashine. Nikamjibu kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Akasema yeye haoni fahali hapa. Dharau!

Jumatano, 4 Machi
Kasha tayari. Kopo la mafuta ya kupikia, rangi nyeusi, namba sifuri hadi tisa. Kioo nimekikata mwenyewe na kukisugua kwa majivu mpaka nikajiona. Kioo ndicho roho ya kazi hii.

Tatizo dogo: mishale haisogei. Mshale mrefu mmoja, mfupi mmoja. Nimeona wapi kitu kama hicho? Nikainua macho. Ukutani, saa ya mama mkwe! Aliileta mara ya kwanza alipokuja kuona nyumba ya binti yake.

Mke wangu Magdaline alikuwa sokoni Sarang'ombe akiuza dagaa wa omena. Nikaitoa saa mashine yake, nikarudisha uso na mishale ukutani. Nitakuwa napanda stuli na kuisogeza mwenyewe. Hakuna atakayejua.

Jioni Magdaline kaniambia mama yake yuko Nairobi kwa mazishi, na Jumamosi atakula kwetu kabla ya kupanda basi la Homa Bay. Nikasema karibu sana. Sauti ilinitoka nyembamba.

Ijumaa, 6 Machi
Nimemfungia Kapteni chombo chake. Ndege ikaondoka, mshale ukapanda. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nilijiona mtu mkubwa.

Kisha akataka kutua. Ndege ikashuka. Mshale ukaendelea kupanda! Mashine ya saa haijui kurudi nyuma. Kapteni akagonga ardhi huku chombo changu kikimhakikishia kwamba bado yuko mawinguni.

Kisha akasema kwa upole kwamba ndege yake haitui. Nikamwambia chombo bado kinazoea. Akasema Pasaka haingoji mtu azoee.

Maneno hayo yamenichoma. Nimemwachia chombo kizoee haraka.

Jumamosi, 7 Machi
Siku nyeusi.

Mama mkwe alifika na zawadi: mizani ya kupimia omena, uso wa duara, mshale mwekundu. Magdaline aliimba kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeweka saa ukutani kwenye saa sita kamili, sawasawa na redio. Mpango ulikuwa kuisogeza kila baada ya muda.

Nilisahau jambo moja tu. Adabu! Nyumba yetu ni chumba kimoja, na kwetu mwanamume haketi na mama mkwe wake chumba kimoja, sembuse kupanda stuli juu ya kichwa chake. Nilimwamkia mlangoni, macho chini, koti nimelifunga vifungo vyote. Kisha nikabaki nje, juani.

Ndani waliendelea kula. Nilimsikia Magdaline akimwambia mama atulie, ni saa sita tu. Wakanywa chai. Bado saa sita. Nikapunga mkono dirishani. Magdaline akadhani nafukuza nzi. Jua likaenda nyuma ya mabati, na redio ya jirani ikaanza taarifa ya habari ya jioni.

Basi lilikuwa limeondoka.

Mama mkwe aliitazama saa, akanitazama mimi kupitia dirishani. Akasema saa ile haikuwahi kusema uongo kabla ya kuingia nyumba hii. Amekwenda kulala kwa dada yake Sella. Magdaline ameishusha saa na kuitikisa. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Jumatatu, 9 Machi
Asubuhi Magdaline alichukua saa tupu akaenda nayo kwa nani? Shivachi! Nikakimbia hadi Kawangware. Shivachi alikuwa ameshakisia mashine ilikokwenda: nikawakuta wote wawili kwa Kapteni, chombo changu mikononi mwa Shivachi, lenzi jichoni.

Nikakamata upande wangu. Yeye akavuta wake. Kioo changu kikaanguka na kuvunjika vipande vipande. Nilikaribia kulia.

Shivachi akatoa mashine, akamrudishia Magdaline. Nyuma ya kopo akatia kishikio cha kuzungusha mishale kwa mkono. Magdaline akaketi karibu na kompyuta, akisoma namba na kuzungusha. Kapteni akaweka kidole pale kioo kilipokuwa, juu ya mshale wenyewe. Akasema sasa anaona.

Akashuka polepole. Mkono mmoja kwenye usukani, kidole kimoja kwenye mshale. Magdaline alizungusha bila kupumua. Magurudumu yakagusa. Ndege ikasimama.

Kapteni akavua kofia, akaiweka magotini. Akalia bila sauti. Hata Shivachi akavua lenzi yake. Mimi pia machozi yalinitoka, na sioni aibu kuyaandika.

Baadaye nikawaeleza kwamba kuvunjika kwa kioo kulikuwa sehemu ya mpango wangu. Magdaline akasema twende nyumbani.

Jumapili, 15 Machi
Saa iko ukutani, inatembea. Mama mkwe alishafika Homa Bay. Magdaline ameanza kuniongelesha. Leo asubuhi amenisamehe kabisa, na nimemwapia kwamba kitu cha mama yake sitakigusa tena.

Kapteni ametuma salamu. Anatua kila siku, na sasa anaomba saa ya mwendo, ya kuonyesha kasi ya ndege, aisome kwa kidole kama ile nyingine. Shivachi amemwambia atahitaji muda kidogo. Muda! Pasaka iko mlangoni, naye anataka muda!

Saa ya mwendo ina mshale mmoja tu. Uso wa duara. Ukiusukuma unakwenda, ukiuachia unarudi.

Magdaline ameenda kanisani. Mizani iko juu ya meza, imefunikwa kitambaa. Ina skrubu nne tu. Nitairudisha kabla omena hazijakauka.