Dishi la Kumwonyesha Papa Alfani Ujiji

Jumanne, 9 Septemba

Nimeahidi tena. Mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

Papa Alfani, baba yake Karima ninayetaka kumwoa, kaleta cherehani yake dukani kwangu hapa Makiso, ng'ambo ya mpaka, niitengeneze. Akasema babu wa babu yake alitoka Ujiji na misafara, na yeye, miaka sabini sasa, hajawahi kuuona mji wenyewe. Mimi ni mtu wa Ujiji! Nikamwambia kuna kipindi cha miji kwenye televisheni ya kule nyumbani, na Jumapili hii saa tisa alasiri ni zamu ya Ujiji. Shangazi Ramla kaniambia kwa simu. Aje kwangu na familia nzima watazame. Akanikazia macho. Akasema mwanamume anayetimiza neno anaweza kuwaleta wazee wake, yazungumzwe mambo ya Karima.

King'amuzi ninacho. Nilikivusha mpakani ndani ya gunia la dagaa, na kimeandikishwa kwa jina la shangazi. Bado dishi tu. Na picha.

Jumatano, 10 Septemba

Dishi nimepata, limetumika lakini zima. Nimelifunga uani. Kioo cha televisheni kinaniambia hakuna mawimbi.

Nikapiga simu kwa kampuni, kule nyumbani. Dada mpole akauliza king'amuzi kiko wapi. Nikasema Ujiji, maana huduma ni ya nchini tu, ukivuka nayo wanakufungia. Papo hapo toleka ikasimama mlangoni, mwenye baiskeli na abiria wake wakaanza kutukanana kwa Kilingala. Dada akauliza kuna nini hapo. Nikasema harusi. Akanipongeza, akaahidi kuleta fundi nyumbani Ijumaa. Nikashukuru. Ningefanyaje?

Ijumaa, 12 Septemba

Fundi kafika. Ujiji, lakini. Shangazi kapiga simu: mtu kazunguka paa lake lote akitafuta dishi, halafu akala wali na samaki, akaongezwa. Kamsifu adabu. Mimi hakuniuliza hali.

Huku kwangu akaingia Mahmoudi bila kuitwa. Mahmoudi ni fundi wa redio, mpinzani wangu, kila Ijumaa humpelekea Papa Alfani mikate. Akatazama dishi langu lililoelekea ukuta wa jirani, akacheka mpaka akakaa chini. Akalilaza likatazama juu, karibu kabisa na utosi wa mbingu, kama beseni. Picha ikaja. Nilimchukia sana.

Akiondoka akanionya: donc, niangalie saa, saa ya Ujiji inatangulia ya huku. Nikamwelewa mara moja. Anataka niwaite wageni mapema, wakae bure, niaibike mbele ya Karima. Nikamshukuru kwa ubaridi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua ya usiku kucha. Asubuhi picha hakuna. Dishi linalotazama mbingu limejaa maji, bata wa jirani anaoga. Nimemfukuza bata, nimemwaga maji, nimefuta kwa shati langu. Picha ikarudi.

Mchana ikapotea tena. Nikatoka uani: Mama Angélique, mwenye nyumba, kaanika mbika zake, mbegu za maboga, ndani ya dishi. Nikamweleza kwa heshima kwamba hicho ni chombo cha kitaalamu. Akajibu kwamba uwanja ni wake, jua ni la Mungu, na mbika hazijawahi kukauka vizuri hivi. Tumepatana: zitakaa mpaka kesho adhuhuri, kisha dishi ni langu, nami nitapata liboke, mbika za kusagwa zilizopikwa ndani ya majani. Nimeridhika. Napenda sana liboke.

Jumapili, 14 Septemba

Walikuja wote. Papa Alfani ndani ya kanzu nyeupe, Mama Aïcha mkewe, shangazi wawili, na Karima ndani ya kitenge kipya. Picha safi, hata harufu ya mbika imekwisha. Saa tisa kamili nikawasha.

Mtangazaji alikuwa anawaaga watu wa Ujiji. Akapunga mkono. Majina yakapanda, muziki, basi. Kule ilikuwa saa kumi.

Nilikaa juu ya kreti ya bia nikataka kulia. Karima akatazama sakafu. Papa Alfani akasema, "Bon. Zima ile kitu. Sema wewe mwenyewe."

Nikazima. Nikasema, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Nyumba ya shangazi na ukuta wake wa udongo mwekundu. Dagaa wanavyoanikwa mchangani na sisi watoto tukilinda kunguru. Mlango wa msikiti unaolia kila ukifunguliwa. Makaburi ya zamani tuliyofagia kila mwaka kabla ya Ramadhani. Mzee akauliza kama tulifagia na yasiyo na majina. Nikasema hayo ndiyo tulianza nayo, bibi alisema waliolala humo watu wao wako mbali, hawana wa kuwafagilia.

Papa Alfani akavua kofia akafuta macho. Nikaomba radhi kwa ajili ya kipindi. Sidhani alinisikia. Wakavaa viatu, wakaondoka.

Nimemkosa Karima.

Jumanne, 16 Septemba

Sikumkosa! Mama Aïcha kaja dukani mwenyewe. Ijumaa baada ya swala wazee wangu wanasubiriwa, na kwa kuwa wako mbali, wazungumze kwa simu. Mahmoudi kanipa mkono na mkate. Mkate mzuri, lazima niseme.

Nimewaza siku nzima ni nini kilichomlainisha mzee. Nimepata. Ni dishi. Dakika moja tu ya picha safi, na mtu mzima akalia. Je, kama angeona saa nzima?

Nimeagiza jingine, pana kama mlango. Nimempelekea Papa Alfani salamu kwamba siku ya posa asiwe na wasiwasi, mimi sitasema neno, tutatazama televisheni tu. Karima aliposikia alishika kichwa kwa mikono miwili. Furaha, bila shaka.