Tuta la Kando ya Kisima

Jumamosi, 7 Februari 2009

Tuta la kando ya kisima liko wazi! Mama Anena aliyelilima amerudi kwao Gulu. Mama Mbambu, mwenyekiti wa shamba letu la mtaa hapa Lubaga, ametangaza kwamba baada ya siku kumi atapewa aliyejitolea kuliko wote.

Ni langu. Nani mwingine? Tuta langu liko juu kabisa, hatua 216 kutoka majini. Jerikeni nane kwa siku, kwenda na kurudi: hatua 3,456. Yote hayo kwa mistari minne ya sukuma wiki iliyonyong'onyea kama wagonjwa. Nilianza maisha na bisibisi moja, leo nina duka la vipuri vya bodaboda. Sukuma hazitanishinda.

Mpinzani ni mmoja tu: Mzee Marjan, Mnubi, dereva wa lori mstaafu. Leo nimempima kwa saa. Saa tatu shambani, dakika hamsini na tano anasalimia watu. Huyo ni mkulima au mgombea ubunge?

Jumanne, 10 Februari

Nimefika alfajiri na gambuti mpya. Nimefagia njia yote. Hakuna aliyeniona! Mama Mbambu alipofika, Marjan alikuwa ameegemea ufagio wangu akimuuliza mtu habari za mjomba wake. Mama akamshukuru kwa njia safi. Marjan akamwambia asante ni ya Mungu. Ya Mungu! Na mgongo wangu?

Alhamisi, 12 Februari

Mpango mpya. Nipalilie tuta la wote, lile la mboga za wazee tisa wa mtaa wasio na wa kuwapikia. Nikilisafisha hilo, nani atanipita?

Nimekuta aibu tupu. Magugu kila mahali, tena yamesimama kwa mistari. Hata magugu ya Kampala yana adabu! Nimeng'oa mashina 412, nimeyahesabu. Nimeyafukia kwenye shimo la mboji. Tuta limebaki jeupe kama uwanja wa mpira. Safari hii nikahakikisha Mama Mbambu anajua ni kazi ya nani.

Ijumaa, 13 Februari

Ilikuwa nakati, ile mboga ya majani ya wazee.

Mama Mbambu alikaa chini, palepale kwenye udongo. Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliniuliza taratibu, banange, jamani, ssebo Oyugi, hata ile mistari haikukuambia kitu? Zilibaki wiki mbili wazee wavune. Marjan akasema ameona nzige wengi maishani, ila huyu wa kuvaa gambuti ndiye wa kwanza.

Nyumbani mke wangu Nelima alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, Baba Whitney, si ndiyo hiyo unayokula kila Jumatano? Nikamjibu kwamba miaka kumi na moja nimeiona ikiwa sahanini. Nani aliwahi kunionyesha ikiwa imesimama?

Jumamosi, 14 Februari

Adhabu: nipande upya tuta zima, na wazee wasilale njaa. Nimekata sukuma zangu zote. Majani 62 kwa wazee tisa: sita sita, yanabaki manane. Bibi mmoja alilitazama fungu lake lililonyauka akaniuliza kama na mimi naumwa. Nikampa yale manane.

Kisha Marjan akaja na beseni la miche ya nakati kutoka kitaluni kwa mkewe. Sikumwomba. Akapiga magoti yake mabovu, akanionyesha nafasi ya shina na shina, na namna ya kufunika kwa majani ya mgomba jua lisiunguze. Watu kumi na moja wakaja kusaidia. Wote ni wale anaowasalimia. Nusu yao nimewauzia plagi na breki, lakini waliuliza hali ya Marjan. Kufikia saa sita tuta lilikuwa limejaa. Lilipendeza, nakiri. Nilipoteza hesabu ya miche, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Jumanne, 17 Februari

Tuta la kisima amepewa Marjan. Watu walishangilia. Mimi nilipiga makofi manne.

Mzee akainuka, akasema magoti yake yanatosha nusu tu. Nusu nyingine apewe Oyugi, kwani kung'oa tayari anajua, imebaki kupanda. Wakacheka wote. Nikacheka na mimi. Mama Mbambu akavuta kamba katikati.

Nusu tuta! Hatua tisa tu kutoka majini! Udongo mweusi, unashikamana mkononi. Nyanya zitakubali hapa, naziona kabisa.

Walipoondoka nikapima pande zote mbili za kamba kwa hatua, nihakikishe. Nimepima mara tatu. Mara mbili zilikuwa sawasawa. Mara ya tatu upande wa Marjan ulizidi nusu hatua.

Malalamiko yangu kwa kamati yako tayari. Nimetumia kipimo cha tatu.