Makumbusho ya Hela Yetu na Hela ya Jirani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nafasi ambayo kwa unyenyekevu nimekubali kuikaimu mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Soko la Mpakani, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa wajumbe mliokalia makreti ya soda kwa sababu viti bado viko kwa fundi. Ndugu zangu wabadilisha fedha na mikoba yenu ya kiunoni. Akina mama wa nyanya na wa mitumba. Madereva wa malori mnaosubiri mihuri tangu juzi. Na wewe, mwanangu wa pekee, Mkurugenzi Mteule, uliyesimama pale pembeni na begi mgongoni kana kwamba kuna mtu anasafiri: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Kijana anaangalia saa.)

Nasimama mbele yenu kuzindua, kwa mujibu wa mpango mkakati wa miaka hamsini, Makumbusho ya Viwango vya Kubadilisha Fedha, projekti ya kwanza katika ukanda huu, itakayohifadhi, kuchakata na kudigitalaizi bei ya hela ya jirani kwa hela yetu tangu enzi hizo hadi leo, kwa kuwashirikisha mastekihoda wote, na ambayo, nasema bila kumung'unya maneno, inahitaji Mkurugenzi mwenye digrii ya uchumi, mrefu, mpole, asiyevuta sigara, anayefua soksi zake mwenyewe, na kijana wa namna hiyo mkoa mzima yuko mmoja tu, na nimemzaa mimi. (Vicheko. Mwenye mitumba: "Tumeshajua, mama, ulitwambia jana!")

Mtasikia tena kesho. Sasa, kuna wanaonong'ona kwamba Mkurugenzi anavuka mpaka leo hii kwenda kuajiriwa kwa jirani, eti kule hela ina nguvu. Ndiyo maana nimeitisha mkutano asubuhi, kabla ya basi. Mkinyoosha mikono kupitisha cheo chake, hana pa kwenda, maana Mkurugenzi haachi ofisi. (Kijana: "Mama, tulishaongea hili." Mama: "Mkurugenzi atapewa nafasi.")

Twende kwenye data. Makumbusho yana kielelezo kimoja, nacho ni mwimo wa mlango wa chumba changu. Kila nilipompima mwanangu urefu, nilichora mstari kwa mkaa, na pembeni nikaandika kiwango cha siku hiyo, kwa sababu nilikuwa nanunua sare za shule upande wa pili na kichwa changu kilikuwa hakikai na mambo mawili. Kwa hiyo utafiti wangu ni wa kisayansi kabisa. Alipoanza kusimama kwa kushika meza, hela moja ya jirani ilikuwa kwa tatu zetu. Tatu! Alipong'oka meno ya mbele, arobaini. Alipoanza kuvaa viatu vya marehemu baba yake, mia mbili na kumi. Siku ya digrii, nikamsimamisha pale na joho lake, mia tisa. Na leo, waheshimiwa, elfu moja na mia nne! Mwanangu aliacha kurefuka akiwa na miaka kumi na nane, lakini kiwango hakikuacha. Kutoka tatu hadi elfu moja na mia nne, nani kati yenu amewahi kukuza kitu namna hiyo? (Wabadilisha fedha wanashangilia. Muuza nyanya: "Huko si kukua, dada yangu, huko ni kuvimba!")

Mwenzangu, ukitaka hoja andika kwa sekretarieti. (Muuza nyanya: "Sekretarieti ni nani?") Mimi. Endelea kunyamaza.

Kuhusu maslahi ya Mkurugenzi, bajeti imezingatia kila kitu. Katika awamu ya kwanza atalipwa kwa heshima. Awamu ya pili, kwa heshima na posho ya chai. Awamu ya tatu iko kwenye mchakato. Haya, mikono juu. (Mikono michache inainuka, mmoja wa dereva anayejikuna.) Kabla sijahesabu, Mkurugenzi mwenyewe aseme hapa hadharani, huko wamemwahidi nini cha kumshinda mama yake.

(Kijana: "Mia tatu kwa mwezi, Mama. Za kwao." Wabadilisha fedha wote wanachomoa vikokotoo kwa pamoja. Mmoja anapayuka: "Laki nne na ishirini za kwetu!" Honi ya basi.)

Laki ngapi?

(Muuza nyanya, kwa sauti ya chini: "Na kodi ya nyumba unayodaiwa, dada, uliyoniambia...") Hiyo haimo kwenye ajenda.

Waheshimiwa, Kamati imekaa, hapa hapa nilipo, na baada ya tathmini ya kina imeazimia kwamba Makumbusho yanafungua haraka tawi la nchi jirani, na Mkurugenzi anapandishwa kuwa Mwakilishi wa Kudumu, kwa gharama za hao jirani. Mikono juu. (Mikono yote. Vigelegele. Kijana anafuta macho kwa mkanda wa begi.)

Kiwango! (Wabadilisha fedha: "Juu!") Mwakilishi! (Wote: "Aende!") Arudi! (Wote: "Arudi!") Hilo la mwisho semeni tena, kwa nguvu.

Kwa kumalizia, namshukuru mfadhili, ambaye sijapata kumtafuta. Mkandarasi, kwa kutojenga. Mwenye duka la vitambaa, kwa utepe huu ambao nitamrudishia haujakatwa kwa kuwa hakuna mlango wa kuufungia. Na mwenye kiwanja, ambaye ni yule mama wa mitumba anayenikodolea macho, leo ndiyo anasikia. Makumbusho hayakuwepo, jamani. Nilikuwa na mtoto mmoja mwenye digrii na usiku mwingi wa kutafuta neno kubwa la kumzuia nalo. Haya baba, panda basi, dereva si mama yako, hatakusubiri. Kiwango cha kesho utanipigia uniambie, na kesho kutwa, na siku zote. Usipopiga nitavuka mpaka na ndala zangu hizi nije kukiuliza mlangoni kwako, mbele ya bosi.