Kuku Waliokula Bukene

Jumatatu, 7 Oktoba 1968. Tabora.

Nimejiponza tena. Nilikwenda mtaa wa Ng'ambo kwa fundi bati, Mzee Lukumani, kuziba ndoo tu. Nikarudi na ahadi. Mzee anasema binti yake Maua, wa darasa langu la nne, akianguka jaribio la jiografia Ijumaa hii, Jumamosi anapanda treni kwenda Igalula kumlelea shangazi yake mtoto. Shule basi. Eti miaka minne mtoto hawezi kutaja zao la mkoa hata mmoja! Nikasikia mdomo wangu ukisema: Mzee, niachie mimi. Miaka arobaini na sita, na mdomo huu bado haujafungwa breki.

Kweli Maua hakariri. Wenzake wakiimba Tanga mkonge, Bukoba kahawa, yeye yuko dirishani. Lakini leo nimechungulia daftari lake. Amechora koroboi ya baba yake, kila mshono wa bati mahali pake. Kumbe mtoto huyu anajifunza kwa macho! Nami tangu Januari namkorogea masikio.

Dawa ni picha. Kesho nachora.

Jumanne, 8 Oktoba.

Nimechora. Ng'ombe wa Shinyanga amenichukua nusu saa. Darasa zima likasema ni kitanda. Maua, kwa adabu, akasema ni bibi amelala. Mwalimu Damas wa darasa la tatu akaingiza kichwa mlangoni, akaniuliza kama siku hizi nafundisha useremala. Damas huyu! Watoto wake hukariri mpaka bati la paa linatetemeka. Tena ndiye msimamizi wa kuku wa shule, mradi wetu wa Elimu ya Kujitegemea, basi anatembea kama waziri wa kilimo.

Sawa. Picha si fani yangu. Waone vitu vyenyewe!

Jumatano, 9 Oktoba.

Ushindi! Tumeichora Tanzania uwanjani, hatua ishirini kwa ishirini. Reli kwa majivu. Njia ya misafara ya zamani, Bagamoyo hadi Ujiji, kwa mchanga mwekundu. Kilimanjaro, kichuguu cha udongo. Kila mahali zao lake: karanga Igalula, mchele Bukene, pamba Mwanza, chumvi Uvinza. (Uvinza imelambwa kabla ya kengele.) Watoto wameifuata njia wamejitwika madaftari kama wapagazi.  Maua alizunguka mara tatu, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Mke wangu Imakulata ameuliza pishi ya mchele imekwenda wapi. Nikamjibu: Bukene. Hatusemezani.

Alhamisi, 10 Oktoba.

Msiba! Asubuhi Damas kawafungulia kuku. Anaapa alisahau kuwa kuna mchele uwanjani. Nilipofika walikuwa wamemaliza Bukene, wako Igalula, na jogoo anawika juu ya Kilimanjaro. Nikawavamia na fagio. Nikateleza, nikaanguka kifudifudi Ziwa Tanganyika. Darasa zima limeangua kicheko. Maua peke yake hakucheka, alikuwa anatazama. Damas akanipa pole, akauliza kama maji yana kina. Kilichobaki nikakifagia chote, Kilimanjaro na reli pamoja.

Kuku wa Kujitegemea. Wamejitegemea kweli.

Darasani nikauliza Bukene wanapata zao gani. Wote, kwa furaha: kuku!  Kesho ndiyo jaribio. Nimeona uso wa Mzee Lukumani kwenye supu yangu.

Ijumaa, 11 Oktoba.

Mwalimu Mkuu alisimamia mwenyewe. Mzee Lukumani kaketi nje, kikapu cha safari cha binti yake miguuni. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ilikuwa nyembamba.

Maua anatazama dirishani, anaandika. Anatazama, anaandika. Mwalimu Mkuu akashuku, akatoka kukagua uwanja. Hakukuta kitu ila mavi ya kuku.

Kapata kumi na nane kwa ishirini! Mwalimu Mkuu akataka kujua amewezaje. Maua akasema alikuwa anaisoma ramani. Ramani ipi? Ile ya pale. Tukatoka sote. Maua akaokota kijiti, akaichora upya kwenye udongo mtupu: hapa mchele, kuku wawili wa madoa ndio walioanza, hapa karanga, hapa mwalimu alianguka.

Mzee Lukumani akaomba aonyeshwe Tabora, kisha Igalula. Akapima kwa unyayo wake. Akaguna. Kumbe ni hapo tu, akasema. Basi shangazi na apande treni yeye, amlete huyo mtoto wake hapa. Akachukua kikapu, akaenda zake. Nikageuka, nikajipangusa macho. Vumbi.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Mwalimu Mkuu ameniita. Maua amefaulu, hongera. Wengine thelathini na saba wameandika Bukene inalima kuku. Nirudie somo lote. Akanishauri, kwa upole, nisilete tena darasani kitu chochote kinacholiwa, wala kinachokula.

Nimekaa nikayapima makosa yangu kwa unyofu. Nimeliona: vitu vyangu vilikuwa vimelala tu. Mtoto wa macho anataka kitu chenye uhai.

Jumatatu ni mazao ya misitu. Nimeazima mzinga wa nyuki kwa Mzee Silasi, mrina asali. Anasema nyuki walihama siku nyingi. Nimetega sikio, nikasikia kitu kama mngurumo. Upepo, nadhani. Nitaufungulia katikati ya darasa, madirisha yote yamefungwa, ili mtu asipitwe.