Bahari Nyuma ya Mgongo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu amepata kazi. Mfamasia, hospitali ya mji wa pwani, nchi ya mbali. Anaondoka mwisho wa mwezi pamoja na binti yetu. Nilifurahi, hata nikacheza. Kisha akaniambia mimi nitaingia kwenye fomu yake ya viza kama mtegemezi. Mtegemezi! Mimi! Mwanamume mwenye kazi, mwenye kompyuta, mwenye kiti cha kuzunguka! Shemeji, mdogo wake, yule fundi simu anayekula kwetu kila siku, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Ameanza kuniita Mtegemezi. Jina limeshika.
Nchi ile hutoa viza kwa wanaofanya kazi kwa mtandao. Nitaomba yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Masharti nimeyasoma. Pasipoti ninayo. Bima ya afya nitakata. Barua ya mwajiri kwamba anakubali nifanyie kazi huko... Hapo ndipo nilipokwama.
Mimi hujibu malalamiko ya wateja wa duka la magodoro la mtandaoni. Bosi hanijui ila kwenye skrini. Wakati wa kuajiri alitaka mtu anayeishi nchi hiyohiyo ya pwani, nami nikasema ndiko niliko. Miaka miwili sasa nafanya kazi na picha kubwa ya bahari nyuma ya mgongo wangu, shati la mikono mifupi, hata siku za baridi meno yakigongana. Mke wangu anasema wazo la kutafuta kazi huko alilipata kwa kuitazama picha hiyo. Hata shukrani sikupata.
Sasa nitaombaje ruhusa ya kuhamia mahali ninapoishi? Mke wangu anasema nimwambie Bosi ukweli. Ndiyo shida ya watu wasio na ubunifu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata! Nimemwambia Bosi nahuisha kibali changu cha ukaazi, wanataka barua. Amekubali palepale. Akauliza hali ya hewa. Nikasema joto linatuua, kisha nikapiga chafya.
Barua imefika mchana, tamu kuliko nilivyoomba. Saini, muhuri, sifa kedekede. Nimempitishia Shemeji puani. Hakuisoma. Aliuliza kama chai ipo.

Jumanne, 11 Machi
Ubalozini. Ofisa wa dirishani, mama mmoja mwenye miwani, akaisoma barua kwa sauti: bwana huyu ameishi na kufanya kazi nchini mwenu miaka miwili bila dosari. Akauliza kibali cha miaka hiyo kiko wapi. Akafungua pasipoti yangu. Nyeupe pe, haina muhuri hata mmoja. Akauliza, kwa upole kabisa, kama niliingia kwao kwa kuogelea. Ama niliishi kwao kinyume cha sheria, ama barua ni ya uongo. Nichague. Nikaomba muda wa kufikiri. Foleni nzima ikaangua kicheko.
Ombi limekataliwa. Nyumbani binti yangu alinipokea mlangoni, akataka kujua kule nitalala upande upi wa nyumba. Naogopa. Wataondoka, nitabaki na Shemeji.

Jumatatu, 17 Machi
Mke wangu amenipeleka mwenyewe, dirisha lilelile. Nimeagizwa kunyamaza, nimenyamaza. Akamweleza yule mama kila kitu: picha, shati, magodoro. Akasema mume wake hajawahi kuvuka mpaka wowote, anajua kudanganya tu, na hata hilo halijui vizuri. Ila mtoto halali asipomwona. Nilitazama viatu vyangu. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Akaandika: mtegemezi. Sijawahi kuona neno zuri kama hilo.
Akanionya kwamba kwao niseme ukweli mtupu. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, mpaka machozi yakanitoka mimi pia.

Jumapili, 6 Aprili
Tumefika! Bahari ya kweli, dirishani, nyuma ya kiti changu. Ile picha nimeitupa. Mke wangu amenishika mkono, amesema sasa angalau uongo umekwisha.
Jioni Bosi amepiga simu. Kampuni inafungua ghala jipya, tena nchi yetu, ile tuliyotoka. Sasa anataka wafanyakazi wanaoishi huko tu. Akasikitika sana kunipoteza, kwa kuwa mimi niko pwani. Nikamwambia asisikitike. Nimerudi nyumbani wiki iliyopita!
Shemeji amenitumia picha ya ukuta wa sebule yetu ya zamani, ule wenye saa mbovu. Nimeichapisha kubwa, nimeziba nayo dirisha. Binti yangu ameuliza bahari imekwenda wapi. Nimemwambia itarudi nikimaliza kazi.
Mke wangu bado hajaingia chumba hiki. Nimejaribu sweta la kesho. Joto linaniua, safari hii kweli.