Poda ya Flagey kabla ya jibu

Leo heshima yangu nimeiacha pale uwanja wa Flagey, huku Ubelgiji, mchana kweupe, mbele ya foleni ya watu wanaosubiri chipsi. Nawaambia mwenyewe kabla video haijawafikia. (Ndiyo, kuna video. Nilihesabu simu nne zikiwa juu, nikaacha kuhesabu.)

Kwa wasiojua habari zangu: wiki sita nimekuwa nikisubiri jibu la chuo. Niliomba kuingia kwenye programu ya wanafunzi bora, ile inayoanza mwaka wa pili, yenye masomo ya ziada kila Jumamosi. Pamoja nayo niliomba ufadhili wanaotoa kwa kuangalia alama. Kwangu viwili hivyo ni kitu kimoja, maana Jumamosi ndiyo siku ninayokaa kwenye kaunta ya duka la vyakula, na mshahara ule unasaidia nyumbani. Bila ufadhili siwezi kuacha kazi. Nisipoacha kazi, hata wakinipokea, nafasi nitaitazama tu ikienda kwa mwingine.

Mama yangu anafanya usafi hospitalini, huko huko Jette tunakokaa. Wiki zote sita, kila akirudi kazini, kabla hata ya kuvua viatu:

"Balishajibu?"

"Bado, maman."

"Hata kidogo?"

(Sijui jibu la kidogo linafananaje. Nilikuwa nasema "hata kidogo", naye anaenda kupika.)

Basi leo, saa nne asubuhi, barua pepe ikaingia. Imetoka kwa katibu wa programu. Mistari miwili tu: nifike ofisini saa nane mchana, jengo lililo upande wa pili wa uwanja wa Flagey, kuhusu faili langu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuisoma kwa sauti. Mama alikuwa na mapumziko, na Tantine Odette alikuwa amekuja kunywa chai. Tantine ni mdogo wake mama, ana duka Saint-Josse, anauza unga wa mihogo, samaki wakavu na nywele za kusuka, na hana shaka juu ya jambo lolote duniani.

"Banakuita?" akasema, akaweka kikombe chini. "Wee! Alors, ulishapita!"

"Tantine, hawajasema hivyo."

"Sikiya, mutoto. Ile hapana, ile non, banatumaka kwa mail. Hakuna muzungu wa hapa anaweza kukuita saa nane, quatorze heures, juu ya kukuambia non mu macho. Beko na haya."

Mama akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Bon, ile iko logique."

(Na mimi, niliyepata alama za juu kwenye somo la mantiki, nikaanza kuamini.)

Hapa lazima niwaeleze ndugu zangu wa Dar na Nairobi jambo moja. Kwetu Lubumbashi matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yakitoka, aliyefaulu humwagiwa poda. Poda nyeupe, ile ya watoto wachanga, kuanzia utosini mpaka viatuni. Kisha anazungushwa mtaani hivyo hivyo, watu wanaimba, na hakuna anayenawa kabla ya giza. Ukimwona kijana amekuwa mweupe kama aliyelala kwenye gunia la unga, unajua kwao kuna furaha. Mimi sekondari nimemalizia Ubelgiji. Cheti kilikuja kwa posta, pamoja na tangazo la punguzo la mazulia. Mama alikipokea, akakiweka kwenye fremu. Lakini najua ilimuuma kwamba mtoto wake alifaulu akabaki na rangi yake.

Nikawaambia wabaki nyumbani. Wakakubali haraka mno. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, lakini nilikuwa na tramu mbili za kupanda.

Nashuka Flagey, nani namwona? Mama. Amekaa kwenye benchi na Tantine Odette, na akina maman wawili wa kwaya ya kanisa letu, wamevaa kitenge cha sare chini ya makoti ya baridi. Tantine amepakata mfuko mkubwa kama anayelinda mtoto.

"Maman, mnafanya nini hapa?"

"Tulikuwa tunapita tu," mama akasema, anaangalia njiwa.

Kutoka Jette! Wanne! Wanapita tu!

Nikawaacha nikapanda ghorofa ya kwanza. Katibu ni kijana mpole mwenye ndevu. Akafungua faili langu, akageuza kurasa. Akasema ukurasa wa tano haukuwa na sahihi yangu. Basi. Jopo lingeketi baada ya dakika chache kuamua, na faili lisilo na sahihi halisomwi. Nikasaini. Akatabasamu: "Sasa kila kitu kiko sawa, Mademoiselle. Jibu utalipata kwa barua pepe leo jioni."

Nilishuka ngazi naimba. Nilikuwa nimenusurika! Kidogo tu ningepoteza mwaka mzima kwa sababu ya kusahau kusaini. Nafika mlangoni, naona upande wa pili wa barabara wanawake wanne wamesimama wima. Mama akanyanyua nyusi, kwa mbali: vipi?

Na mimi, jamani, nikanyanyua dole gumba.

Sijui walivukaje ile barabara. Nilisikia vigelegele, kisha sikuona tena kitu. Kila mmoja alikuwa na kopo lake la poda. Kichwani, shingoni, ndani ya koti, masikioni. Maman mmoja wa kwaya aliushika mkono wangu akauinua kama wa bondia. Tantine alikuwa anapiga mayowe: "Mungu iko muzuri! Mutoto wa Katanga! Excellence!" Foleni ya chipsi yote ikageuka. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, bila kujua wanampongeza nani kwa lipi.

"Maman, bado ha—" nikajaribu. Poda ikaingia mdomoni. Nikakohoa, machozi yakanitoka, wakadhani ni furaha, wakaniongezea.

Nilipofungua macho nikamwona mama anacheza. Mama yangu, ambaye katika jiji hili huwa anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha majirani, alikuwa anacheza katikati ya Flagey, mikono juu, analia. "Tangu ile cheti ya posta ninangoya hii siku!" akaniambia. "Tangu ile cheti!" Ningeweza kumwambia ukweli wakati ule. Sikumwambia. Nikasimama tu nikapakwa. (Hilo ndilo kosa la pili, na nikirudishwa pale nitalifanya tena.)

Simu ikaita. Katibu.

"Mademoiselle, samahani, jopo lina swali moja kwako kabla ya kuamua. Bado uko karibu?"

"Ndiyo," nikasema, natema poda. "Niko... karibu."

"Najua. Tunakuona kutoka dirishani."

Nikainua macho. Ghorofa ya kwanza, dirisha pana, katibu na watu wengine watatu wamejipanga kwenye kioo. Mmoja akanipungia mkono.

Mama akaloanisha pembe ya kitenge kwa maji ya chupa, akanisugua uso. Poda ikawa uji. Tantine akasema nimependeza. Nikapanda ngazi naacha nyayo nyeupe kila hatua.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti ni mama mrefu, mwenye miwani aliyoifunga kwa mnyororo shingoni. Aliniangalia muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Mademoiselle, kuna mtu amekupa matokeo ambayo sisi wenyewe bado hatuna?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Majibu yote niliyokuwa nimekariri wiki sita yakapotea. Nikaeleza ukweli: poda, Lubumbashi, cheti cha posta, dole gumba. Katikati ya maelezo nikapiga chafya, na wingu likatua taratibu juu ya makaratasi yao. Mzee mmoja wa jopo akafuta miwani yake, mabega yanatikisika.

Ndipo mwenyekiti akauliza lile swali lao. Masomo ni Jumamosi, na faili linaonyesha nafanya kazi Jumamosi. Je, nitaacha kazi?

"Nikipata ufadhili, nitaacha kesho," nikasema. "Nisipoupata sitaweza kuja, Madame, hata mkinipokea. Nawaomba msinipe nusu."

"Na jibu likiwa hapana, utawaambia nini wale wa pale chini?"

Nikamwambia kwamba mama yangu ameshafurahi leo, hilo hakuna wa kuliondoa, na mengine nitayabeba mimi. Akaandika kitu. Akasema asante. Nikatoka, kiti changu kimebaki na umbo langu.

Chini nikawaambia. Hakuna aliyefaulu bado. Wameshangilia sahihi.

Akina maman wa kwaya wakaangalia makopo matupu. Tantine Odette akavuta pumzi: "Bon. Poudre ilishatoka. Haiwezi kurudi mu kopo." Akaenda kununua chipsi.

Mama na mimi tukapanda tramu. Abiria walituachia nafasi kubwa pande zote. Mama akanishika mkono.

"Merveille, nilikuharibia?"

"Hapana, maman."

"Kama banakatala juu ya yangu..."

"Hawawezi kukataa kwa sababu ya kupendwa, maman." Nilisema hivyo tu. Nilikuwa nawaza kaunta, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Barua pepe iliingia kabla hatujafika Jette. Sikupiga kelele. Niliisoma mara tatu, nikampa mama simu. Akaisoma polepole, midomo inacheza, Kifaransa chote cha heshima mpaka mwisho. Akarudi juu akaanza upya.

"Banakupokea?"

"Wamenipokea."

"Na bourse?"

"Na ufadhili, maman. Wote."

Nilidhani atapiga vigelegele tramu isimame. Mama yangu, aliyecheza hadharani kwa ajili ya sahihi ya ukurasa wa tano, sasa hakuwa na sauti hata ya kusema amina. Aliegemea bega langu, koti lake jeusi likaota ukungu mweupe, tukapitiliza kituo chetu bila kujua.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru Mungu, na yule katibu aliyegeuza kurasa zote, na lile jopo lililovumilia chafya yangu. Nawashukuru watu wa foleni ya chipsi, walionipongeza mapema kuliko chuo. Zaidi ya wote namshukuru mama, na nasema mbele yenu: simwambii aache kunitangulia kufurahi. Nitakuwa tu namkimbiza kutoka nyuma.

Mchana mmoja nimeumbuka, nimepokelewa, nimefadhiliwa. Naomba mnipongeze kwa hayo mawili ya mwisho, na la kwanza mlipite kimya kimya, kama abiria wa ile tramu.